Togwa Iliyobaki Vikombeni

Jumapili jioni, Julai. Mpanda.

Upepo wa leo ni ule wa kiangazi unaobeba vumbi la barabarani mpaka ndani ya kopo la chumvi. Asubuhi baridi ya kuvaa sweta, mchana jua kali, na sasa jua linazama na baridi inarudi kazini. Nimekaa kibarazani na simu, naandika kwa kidole kimoja kama kawaida yangu.

Blogu hii alinifungulia Rehema, binti yangu, anayeishi Mwanza. Baada ya kumzika mama yake aliona nimekuwa mtu wa kuitikia "mh" na "ndiyo" tu, akasema, "Baba, andika. Hata kama hakuna anayesoma, andika." Nikamtii. Kama kuna anayesoma, shikamoo au marahaba, utachagua mwenyewe inayokufaa.

Leo nina jambo, na nisipoliandika halitaniacha nilale.

Nianze na hali ilivyo. Mimi ni mstaafu wa reli, mtu wa Korogwe niliyeletwa huku na kazi nikiwa kijana. Nilikuwa nakata tiketi pale stesheni na kuwatangazia watu kwamba treni imechelewa. Nikaoa binti Mpimbwe wa kijiji cha Kibaoni, Anastazia, na habari za kurudi Korogwe zikaishia hapo. Anastazia alifariki kabla ya mvua zilizopita. Tangu hapo nyumba hii ina mtu mmoja.

Rehema anataka nihamie kwake. Ana chumba, ana wajukuu, ana hospitali karibu. Kuna nesi aliyehamishiwa hapa Mpanda anayetaka kupanga nyumba yangu, naye amechoka kukaa gesti. Rehema amempa ahadi kwamba Jumapili hii, yaani leo, atapata jibu. Ndiyo au hapana.

Upweke wa mwanamume mgane una vichekesho vyake. Nikinunua fungu la nyanya, nusu linaozea kwenye ungo. Nikisonga ugali, mkono wenyewe unamimina unga wa watu wawili. Nikienda kuoga, naweka komeo mlangoni, sijui namficha nani.

Lakini kinachouma si nyanya. Kinachouma ni kwamba hakuna anayekuja.

Alipokuwepo Anastazia, kila Jumamosi ya baada ya mavuno uani kwetu palijaa. Alikuwa anatengeneza togwa, na mtaa mzima ulijua. Watu waliingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, wakakaa kwenye vigoda na ndoo zilizogeuzwa, wakanywa, wakacheka. Mimi nilikuwa stesheni, maana Jumamosi ilikuwa siku ya treni. Nilirudi jioni nikawakuta wanaondoka au wanakaribia kuondoka, nikasalimia, nikapita kuoga. Baada ya arobaini yake, hao watu waliisha. Nikikutana nao njiani wananiambia, "Pole na upweke, baba," kisha wanaendelea na safari zao.

Nikaanza kujiambia kwamba walikuwa wanakuja kwake. Yeye ndiye aliyekuwa nyumba, mimi nilikuwa nalala tu humo ndani.

Sasa mtu ukishajiambia neno kama hilo, linakaa kifuani na kudai uthibitisho. Nilitaka kujua, kabla ya kumjibu Rehema, kama hapa mtaani kuna mtu hata mmoja anayeweza kuja kukaa kwangu kwa ajili yangu mimi. Nikijua yupo, nitabaki. Nikijua hayupo, Mwanza si mbali.

Ndipo nikaamua kutengeneza togwa.

Usinicheke. Katika umri wangu wote sijawahi kuona mwanamume wa reli akitengeneza togwa. Lakini shemeji yangu wa Kibaoni alikuwa ametuma ulezi kama anavyotuma kila mwaka. Nadhani na yeye mkono wake haujazoea kwamba dada yake hayupo. Mfuko ulikaa pembeni ya mlango wiki nzima, kila nikipita unanitazama.

Kwa wewe usiyeijua, togwa si pombe. Ni kinywaji chetu cha kukata kiu, kilikuwepo kabla ya soda zote za chupa na za plastiki. Unaloweka ulezi, unamwaga maji, unaufunika uchipue. Ukishatoa vijimizizi unauanika, ukikauka unausaga, hapo unaitwa kimea. Kisha unapika uji mzito wa mahindi, unauacha upoe, unatia kimea, unakoroga na kufunika. Kimea ndicho kinachofanya kazi yote. Uji unalegea wenyewe na kuwa mtamu wenyewe bila kuutilia sukari. Siku ya kwanza togwa ni tamu, ni ya watoto. Siku ya pili ina ukali kidogo, hiyo ndiyo wanayoipenda watu wazima. Siku ya tatu inaanza kuchemka yenyewe kwenye ndoo, na mtu wa kanisani akipita hapo anaangalia pembeni.

Jambo jingine la togwa ni kwamba haipikwi kidogo. Hakuna mtu anayepika togwa ya kikombe kimoja. Ukishaamua kupika, umeshaamua kuita watu.

Niliazima beseni kubwa kwa jirani yangu Mama Zawadi nikaanikia kimea changu. Mama Zawadi anauza dagaa sokoni. Alizaliwa kule makazi ya wakimbizi ya Katumba, wazazi wake walitoka Burundi, na alikuwa shoga wa Anastazia kwa miaka mingi. Alinipa beseni bila kuuliza la nini, ila niliona jinsi alivyoniangalia.

Jaribio la kwanza niliharibu. Nilitia kimea uji ukiwa bado wa moto, kikafia humo humo. Mpaka kesho yake ulibaki uji tu, mzito na wenye huzuni, nikawapa kuku wa jirani. Jaribio la pili nilikuwa na subira. Nilisubiri mpaka kidole changu kikaweza kukaa ndani ya uji bila kulalamika. Nikatia kimea, nikakoroga taratibu, na mbele ya macho yangu uji ule uliokuwa unang'ang'ania mwiko ukaanza kulegea, ukawa unateleza, ukawa unatiririka. Nilicheka kwa sauti pale jikoni.

Nikageuka kumwonyesha.

Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Mwisho nikatwanga tangawizi nikatia, kwa sababu nilikuwa na uhakika ile harufu ya togwa ya mke wangu ilikuwa ya tangawizi. Kuonja sikuonja. Nina kisukari, na daktari alishaniwekea mikono yake miwili mezani akaniambia vitu vitamu basi. Nilinusa tu, nikaona inanukia kama inavyotakiwa, nikafunika.

Ijumaa niliwaalika watu. Wengine niliwakuta bombani, wengine tukitoka kwenye sala ya jumuiya. Nilisema tu, "Kesho mchana kuna togwa kwangu." Nakumbuka walivyoangaliana, na jinsi nyuso zilivyofunguka. Mzee Luhende alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Huyu ni Msukuma aliyekuja huku na ng'ombe wa baba yake miaka mingi iliyopita, sasa ng'ombe wako kwa wanawe kule Kasekese na yeye amebaki mjini kupumzika na kubishana na watu. Akasema, "Tutakuja, Mzee wa Reli. Safari hii treni haichelewi."

Na kweli walikuja. Hilo lazima niliandike kwa haki. Jana mchana walikuja, na walikuja wengi kuliko viti.

Nilikuwa nimefagia, nimepanga viti sebuleni, nimetandika vile vitambaa vya kufuma ambavyo Anastazia hakuruhusu mtu avikalie. Sikutaka wakae uani kwenye ndoo kama zamani. Nilitaka wakae kwa heshima. Nikamimina togwa jikoni, kila mtu na kikombe chake, nikapitisha kwenye sinia kama soda za harusini. Kila mmoja akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha mimi nikaketi kwenye kiti changu na glasi yangu ya maji.

Wakawa wameshika vikombe.

Mwanzoni sikuona kitu. Mazungumzo yalikuwa mazuri. Luhende alianzisha ubishi wake, akasema togwa ni ya Wasukuma, walikuja nayo kutoka kule kwao.

"Mlikuja na ng'ombe nyie," Mama Zawadi akamjibu. "Togwa mliikuta."

Watu wakacheka. Fundi cherehani wa pale kona, ambaye ni Mfipa, akasema ulezi ni wa Ufipa na asiyejua aende Sumbawanga akaulize. Mama Zawadi akasema kwao walikuwa na chao cha mtama, watu wanazunguka chungu kimoja kila mtu na mrija wake, na huko ndiko kunywa, si huku kushika vikombe. Mama mmoja akasema ya mahindi matupu ni nzito tumboni, mwingine akasema mamake alikuwa akichanganya na mtama mwekundu mpaka inakuwa na rangi ya udongo. Ubishi ulikuwa wa kupendeza. Ila vikombe vilikuwa magotini, vimejaa mpaka juu.

"Kunyweni jamani," nikasema. "Msiionee haya."

"Tunakunywa, Baba Rehema," wakajibu karibu wote pamoja.

Luhende akainua kikombe mpaka usawa wa kidevu. Akaniangalia. Mimi nikamtabasamia, nikapiga funda la maji yangu. Akakishusha kikombe polepole, akakirudisha gotini, akauliza habari za treni siku hizi.

Inzi akatua kwenye kikombe cha fundi, fundi akampungia mkono. Mazungumzo yakaanza kukatika katikati. Nikawahimiza tena, wakaitikia tena. Kisha mmoja akakumbuka mboga alizoacha jikoni, mwingine akakumbuka mgonjwa, wakaanza kuaga kwa mpangilio, wakubwa kwanza. Kila aliyepita mlangoni alisema, "Asante kwa togwa, baba." Walishukuru kwa togwa ambayo hawakuinywa.

Walipoisha, nilirudi sebuleni. Vikombe vilikuwa sakafuni kando ya miguu ya viti, vyote vimejaa.

Nimeona mengi. Nimewahi kutukanwa na behewa zima la abiria kwa kosa la injini. Lakini sikuwahi kujisikia kama nilivyojisikia jana nikikusanya vile vikombe. Nilimwaga kimoja kimoja kwenye shina la mgomba. Sikuweza hata kukasirika vizuri. Nilijiambia, basi, umepata uthibitisho wako. Walikuja kwa huruma, wakaona mzee ametengeneza kitu cha ajabu, wakashindwa kukipitisha kooni. Mwenye togwa yake amekufa, na hakuna anayetaka ya kwako.

Nilimpigia Rehema hapo hapo.

"Mwambie nesi nyumba ipo," nikamwambia. "Nakuja."

Alifurahi mpaka akawaita watoto waje kusikia. Kisha akasema, "Baba, mbona sauti yako hivyo?" Nikamwambia ni vumbi.

Leo nilikwenda misa ya kwanza, nikakaa nyuma, nikatoka kabla ya matangazo. Nikarudi kufunga begi. Mtu anayeishi peke yake haimchukui muda kufunga begi. Nilikuwa nakunja suruali ya mwisho niliposikia hodi, ni Mama Zawadi, amefuata beseni lake.

Nilikwenda kulichukua. Niliporudi nikamkuta anaangalia begi kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Unasafiri?"

"Nahama," nikamwambia. "Naenda kwa Rehema."

Alilipokea beseni, akalitazama, akaliweka chini, kisha akakaa kwenye ngazi ya kibaraza. Nikajua anataka kuniaga kwa maneno mazuri, na mimi sikuwa na hali ya kupokea maneno mazuri. Nikamuuliza kwa hasira kidogo, nakiri.

"Mama Zawadi, niambie ukweli. Togwa yangu jana ilikuwa na nini?"

"Sijui, baba. Sikuionja."

"Ndiyo nauliza. Kwa nini hukuionja?"

Akainamisha kichwa akaangalia kucha zake. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Na wewe, Baba Rehema, kwa nini hukuionja?"

Sikumwelewa. Akaona sijamwelewa. Akaniuliza kama kweli sijui, au najifanya.

Jambo lenyewe ni hili. Huku, anayekupa kinywaji alichotengeneza kwa mkono wake anakunywa yeye kwanza, mbele yako, kutoka kwenye chombo kilekile. Wanasema anatoa uchawi. Anapiga funda, wewe unaona limeshuka kooni, ndipo anakupa. Mimi desturi hiyo naijua. Nilipokwenda kuposa Kibaoni, mama mkwe wangu alionja pombe mbele ya wazee wangu kabla hajawapa, na mjomba wangu kutoka Korogwe akaninong'oneza kwamba mwanamke huyu ana kiu. Lakini mimi nilijua ni mambo ya pombe, tena ya wazee wa zamani. Sikujua kwamba hata togwa ya Jumamosi, ya watu wanaosali pamoja, haipiti kooni bila hiyo.

"Nastazia alikuwa anafanya kila Jumamosi," Mama Zawadi akasema. "Anachota kwa kata, anakunywa, anafuta mdomo wa kata kwa kiganja, anampa aliye mkubwa. Hukuwahi kumwona?"

Niliwahi kumwona. Mara chache, siku treni ilipowahi. Nilidhani anakunywa kwa sababu amechoka na jua.

"Sasa wewe jana umetugawia vikombe vimeshamiminwa huko ndani," akaendelea, "halafu umekaa mbele yetu na glasi ya maji. Mwenye nyumba anakunywa maji, sisi tunakunywa nini?"

"Kwa hiyo mlidhani nimewawekea sumu?"

"Hapana, baba, nani anaweza kudhani hivyo." Alinyanyua mikono. "Tulidhani una neno na sisi. Tulitoka hapa tunasema huyu mzee hajatusamehe. Labda alisikia kitu wakati wa msiba, labda anaona tulimchelewesha Nastazia hospitali. Ametuita kwa adabu ili atuonyeshe kwamba hawezi kula na sisi. Luhende hakula jana. Mkewe kaniambia asubuhi."



Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Neno moja tu lingetosha.

"Nani amwambie mtu mzima aonje kwanza, kwenye nyumba yake, nyumba yenyewe imetoka kwenye msiba? Ni kama kumwita mchawi." Akavuta kanga yake. "Na hata kabla ya hapo. Tangu tumzike tunapita mbali, tunasema mwacheni, anataka kukaa peke yake, ndivyo alivyo, si mtu wa kukaa na watu. Ulipotuita mimi nilifurahi mpaka nikaenda kusuka."

Hapo ndipo nilipomwambia habari ya kisukari. Kwamba daktari amenikataza vitu vitamu, kwamba hata wakati wa kuipika nilinusa tu.

Mama Zawadi aliniangalia. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akipiga makofi, akainama mpaka kichwa kikakaribia magoti, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Sukari," akawa anasema. "Sukari tu, jamani. Watu hawakulala kwa sukari."

Niliingia jikoni. Kwenye ndoo ilikuwa imebaki kama robo. Nikachukua kata, ile ile ya Anastazia, nikaja nayo kibarazani pamoja na ndoo. Nikachota. Nikamwangalia Mama Zawadi usoni, nikanywa funda moja, nikalimeza taratibu ili alione likishuka.

Ilikuwa kali. Siku ya pili ilikuwa imeshapita na ya tatu inabisha hodi, ilichoma ulimi kwa vitone vidogo vidogo, na tangawizi ilikuwa imezidi mno. Si ya kwake. Hata kwa mbali haikuwa ya kwake. Nikafuta mdomo wa kata kwa kiganja, nikampa.

Alikunywa yote. Alipomaliza akakunja uso.

"Hii imeshakuwa ya watu wazima, Baba Rehema," akasema. "Halafu tangawizi ya nini? Nastazia hakuwa anaweka tangawizi."

"Alikuwa anaweka."

"Hakuwa anaweka. Alikuwa anachemsha mchaichai kwenye maji ya uji. Ule wa pale." Akanyoosha kidole kwenye kichaka kilicho pembeni ya bomba, ambacho wiki iliyopita nilitaka kukikata kwa sababu kinaficha nyoka.

Nataka niandike hili vizuri. Si habari ya mchaichai. Ni kwamba alisema Nastazia. Tangu siku ya mazishi watu wote wanasema marehemu, au mama, au mwenzako. Hata padri, hata Rehema kwenye simu, wanalizunguka jina lake kama shimo la barabarani. Huyu mama alikaa kwenye ngazi yangu akalitamka kama zamani, bila ile herufi ya mbele, jinsi walivyokuwa wakiitana wenyewe. Nikalia. Sikusingizia vumbi.

Hakunibembeleza. Alichota togwa nyingine, akaendelea kuongea. Akaniambia jinsi Nastazia alivyokuwa akiniigiza siku za Jumamosi. Alisimama juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaweka kiganja mdomoni, akatangaza kwa sauti yangu ya puani kwamba abiria mnaombwa radhi, treni imekwama, sababu hazijulikani. Watu walikuwa wanalia kwa kicheko. Nikirudi jioni nikasema "hamjambo", wote wanaangalia chini, wanaogopa kupasuka.

"Tulikuwa tunakucheka sana," akasema. "Nusu ya stori za hapa zilikuwa zako."

Nilikaa chini. Nilimwomba arudie ile ya treni. Akarudia. Nikamuuliza kama kuna nyingine, akasema zipo, lakini ana dagaa zimeanikwa na jua linakwenda. Akachukua beseni lake. Alipofika kwenye kona ya nyumba akageuka, hakusema usihame. Aliniangalia tu, kisha akaondoka.

Baada ya hapo nilikaa hapa kibarazani mpaka kivuli kikafika kwenye bomba. Nimefikiri mambo mengi. Nimefikiri jinsi walivyokuwa wamekaa sebuleni kwangu, vikombe magotini, mimi nikijiambia hakuna anayenitaka, wao wakijiambia mimi siwataki. Watu wazima wote wale. Kila mtu ana kiu na kila mtu anamheshimu mwenzake.

Nilimpigia Rehema kabla sijaanza kuandika.

Nilimwambia amwombe yule nesi radhi, atafute nyumba nyingine, na kama anataka nitamsaidia kutafuta hapa mtaani. Najua Rehema aliumia, maana alishawaambia watoto. Akaniuliza kama ni kwa sababu ya kaburi la mama yake.

"Hapana," nikamwambia. "Kaburi linajua kukaa peke yake. Ni kwa sababu ya watu."

"Watu gani, baba? Si ulisema jana hakuna mtu?"

Nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Ilichukua muda. Nilimwambia pia kwamba naogopa. Kwamba usiku nyumba hii ni ndefu, na kesho asubuhi nitaamka peke yangu kama leo, na keshokutwa vilevile, na togwa haitabadilisha hilo. Sijawahi kumwambia mwanangu kwamba naogopa. Alinisikiliza.

"Sasa utafanya nini?" akauliza.

"Leo nakwenda kwa Luhende, kabla hajalala tena na njaa. Jumamosi nitawaita wote," nikasema. "Na nitakunywa wa kwanza."

Nikamsikia anavuta pumzi, nikajua anataka kunikumbusha daktari.

"Funda moja tu, baba," akasema.

Funda moja, nikamwahidi. Ndilo walilokuwa wakilingojea kwangu.